Kodi ya Nyumba Isiyolala Mtu

3 Machi

Leo ni tarehe tatu Machi. Niliondoka nyumbani mwanzoni mwa Agosti, kwa hiyo huu ni mwezi wa nane niko huku. Nyapara anasema mtaro utakwisha mwisho wa Aprili. Tumemwita Bado Kidogo, kwa sababu tangu tufike kazi imekuwa bado kidogo.

Naandika kwa kuwa mvua imeanza, mtaro umejaa maji, na karata sizijui. Niliishia darasa la sita na mwandiko wangu uliishia la nne. Anayelala kitanda cha juu yangu ameniona na kalamu akaniita Katibu. Yeye tunamwita Wakili. Si wakili, ila hajawahi kuacha jambo lipite bila kulipinga.

Tunazika mabomba ya majitaka kando ya barabara. Tunachimba, tunalaza bomba, tunafukia. Theluthi ya mshahara kampuni inaishikilia mpaka siku ya mwisho ili tusitoroke. Hiyo iliyoshikiliwa ndiyo iliyonileta. Nataka kununua mashine ya kuchomelea vyuma nifungue kibanda, nisishike tena sururu. Sina zaidi ya hilo.

5 Machi

Mvua.

6 Machi

Mvua. Wakili amemlalamikia mpishi kwamba maharage yana mawe. Mpishi akamjibu kwamba mawe ni ya bure.

9 Machi

Dada amepiga simu.

"Umekula?" Dada huanza hivyo hata kama nyumba inaungua.

"Nimekula. Kuna nini?"

"Manispaa wameleta karatasi ya kodi ya jengo. Ya nyumba ya mama. Imeandikwa jina lako."

"Jina langu kwa nini? Mimi silali humo."

"Hata mimi silali humo. Msimamizi wa mirathi ni nani?"

Ni mimi. Mama alifariki Oktoba. Basi kutoka huku linachukua siku mbili na maziko yalikuwa kesho yake, kwa hiyo sikwenda. Siku ile nilichimba kama siku nyingine. Wenzangu walinichangia, nikawashukuru. Sikulia, na mpaka leo sijalia, wala sisemi kwa kujisifu. Ndugu walipokaa kikao wakanichagua mimi kusimamia mirathi. Nadhani walinichagua kwa kuwa sikuwepo kukataa. Karatasi zikaletwa na dereva wa basi, nikatia saini juu ya pipa.

Tumezaliwa watatu: dada, mimi, na mdogo wetu anayeendesha lori. Tulikubaliana nyumba iuzwe tugawane. Tangu maziko hailali mtu. Funguo anazo dada. Mnunuzi yupo, muuguzi mstaafu, sisi tunamwita Nesi. Amesema atangoja mvua ziishe.

Dada amenieleza habari ya kodi mara mbili, ya pili polepole. Nyumba ya urithi iliyo tupu na inayongoja kuuzwa husamehewa kodi kwa mwaka mmoja. Ila lazima mkaguzi aende aone kwamba ni tupu kweli. Akikuta mtu anaishi, tunalipa kodi yote, na juu yake faini ya kudanganya. Tukikaa bila msamaha na bila risiti mpaka mwisho wa Aprili, hatupewi cheti cha kutodaiwa, na bila cheti hicho Nesi hawezi kuandikiwa nyumba.

"Faini ni kama kiasi gani?"

Akanitajia. Ukijumlisha na kodi inakuwa karibu yote niliyoshikiliwa huku.

"Kumbe rahisi tu," nikasema. "Nyumba ni tupu. Aje aone."

"Ndiyo," akasema dada.

10 Machi

Jua kidogo. Tumetoa maji kwa pampu mpaka mchana. Jioni yamerudi.

14 Machi

Nimemweleza Wakili.

"Haiwezekani," akasema. "Huwezi kutozwa kodi ya nyumba usiyolala. Basi na mimi nitozwe kodi ya kitanda chako."

"Wewe unatakiwa ulipe. Miguu yako inaning'inia kwangu kila siku."

"Hiyo ni hewa, Katibu. Hewa haina hati."

Vijana wakacheka. Mimi pia nilicheka, nadhani.

19 Machi

Dada amepeleka ombi la msamaha ofisini. Alipanga foleni wakati wake wa chakula. Anafua mashuka ya hoteli siku sita kwa wiki. Nimemwambia ahsante. Ameniambia ninunue viatu vya mvua, maana anaisikia sauti yangu imejaa mafua.

20 Machi

Mvua.

26 Machi

Mkaguzi alikwenda Jumanne. Dada alikuwa kazini, hakuna aliyemwambia kwamba anakuja. Mkaguzi amegonga geti, hakuitikiwa, akachungulia juu ya ukuta. Akaona uani kamba imejaa nguo. Magauni, sweta, vitambaa vya kichwa. Ndara mlangoni.

Dada amenitumia picha ya karatasi. Nimeisoma nikiwa nimesimama kwenye bomba. Imeandikwa hivi: Nyumba inakaliwa. Mkaaji: mwanamke mmoja, mtu mzima. Wakati wa ukaguzi alikuwa ametoka.

Nikampigia.

"Dada, nguo za nani zile?"

"Zipi?"

"Dada."

"Za mama."

"Za mama zinafanya nini kwenye kamba?"

"Zinakauka."

"Usinichezee."

"Sasa unataka nikwambie nini? Mvua hizi, kabati lote limeota ukungu. Ninyi wawili hamjaja tuzigawe. Niziache zioze? Jumapili naenda nafua, naanika. Jua likikosa, Mama Jirani ananigeuzia katikati ya wiki. Na mwizi akipita anajua nyumba ina mtu. Ile ya kona, wameng'oa mpaka milango! Hii yetu haijaguswa hata kitasa. Unafikiri inajilinda yenyewe?"

"Siku sita unafua mashuka, ya saba unafua nguo za marehemu."

"Wewe ungezifua?"

Nikamwambia betri inaisha. Ilikuwa imejaa.

Nimeisoma tena ile karatasi. Alikuwa ametoka. Nikarudisha simu mfukoni nikaenda kuchota matope.

28 Machi

Mdogo wetu amepiga kutoka barabarani, injini inanguruma.

"Bro, huyu dada ametumaliza."

"Alikuwa analinda nyumba."

"Kwa magauni? Mwambie ayachome yote, mambo yaishe. Mimi nina deni la matairi."

Nikamwambia aendeshe gari aache simu. Lakini moyoni nilikuwa upande wake. Dada ni mbishi tangu utotoni. Ukimwambia chungu hakina kitu, lazima akikombe.

30 Machi

Mvua.

31 Machi

Mvua. Pampu imekufa.

2 Aprili

Ukingo wa mtaro umeporomoka kwenye kona ya duka la rangi. Hakuna aliyeumia kwa kuwa tulikuwa tunakula. Umefunika sururu zetu zote na mabomba tuliyolaza wiki nzima. Bado Kidogo alisimama pale juu na mwavuli, akatazama chini muda mrefu.

"Si mbaya sana," akasema. "Tuanzie pale."

Pale ndipo tulipoanzia wiki iliyopita. Nimechimba mpaka mikono imeacha kufunguka. Nikiwa chini mle sikufikiri chochote, na ilikuwa nafuu.

7 Aprili

Dada amekwenda manispaa na cheti cha kifo. Karani alikuwa anakula karanga.

"Mama huyu amefariki, sawa, pole sana," karani amemwambia. "Lakini huyu mwanamke aliyeandikwa hapa ni nani?"

"Ni yeye huyo huyo. Ni nguo zake."

"Nguo hazijianiki, mama."

Mwishowe amekubali ukaguzi wa pili, tarehe ishirini na nne. Kwa sharti. Nyumba tupu ni tupu: asikute kitanda, asikute sufuria, asikute hata kanzu msumarini, na umeme uwe umekatwa. Akikuta kitu, hakuna mara ya tatu.

"Basi toa kila kitu," nikamwambia dada.

"Njoo utoe."

"Unajua siwezi. Nikiondoka kabla ya mwisho napoteza ile theluthi."

"Mama alipozikwa hukuja kwa sababu ya basi. Sasa huji kwa sababu ya theluthi."

"Dada, usifike huko."

"Nifike wapi? Mimi niko hapa hapa siku zote. Anayesafiri ni wewe."

"Ita vijana wawili wa mtaani, watoe vitu nusu siku. Mbona unafanya jambo kubwa?"

Amekata simu. Miaka yote hajawahi kunikatia simu.

8 Aprili

Nimepiga. Hapokei.

9 Aprili

Hapokei. Mvua.

11 Aprili

Bado Kidogo ametangaza kwamba kuna mtaro mwingine ng'ambo ya mto, kuanzia Mei mpaka Desemba. Anayetaka aandikishe jina. Wakili ameandikisha lake, kisha akarudi kupinga kiwango cha malipo.

"Na wewe Katibu?"

Nikamwambia nafikiri. Nilikuwa sifikiri. Nilikuwa nimeshaamua kwamba kodi itameza pesa zangu, nami nitachimba mpaka Desemba, halafu tutaona. Halikuniuma. Hilo ndilo linalonitisha kidogo nikiliandika, kwamba halikuniuma.

14 Aprili

Dada amepokea.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Sikiliza. Siwezi kutoa vile vitu peke yangu. Usiseme vijana. Si uzito."

"Sasa ni nini?"

"Kila nikishika kitu nataka kumuuliza mtu, hiki twende nacho wapi? Namwuliza nani, ukuta? Nilianza juzi na kabati la vyombo. Nikatoa sahani moja, nikakaa chini, mpaka jua likazama. Nikairudisha."

Nilikuwa nafikiri anashindana na mimi. Nilivyomjua mimi, dada hashindwi kitu.

"Jumapili nitakuwa na wewe kwenye simu," nikamwambia. "Utashika, utaniuliza, nitakujibu."

"Kuanzia asubuhi?"

"Mpaka umalize."

Nikanunua muda wa maongezi, mwingi kuliko nilivyowahi kununua.

19 Aprili, Jumapili

Nimekaa ndani ya bomba kubwa ambalo halijalazwa bado, turubai mdomoni kuzuia mvua. Ndani ya bomba sauti inarudi, kwa hiyo dada alikuwa kama amekaa pembeni yangu. Wakili naye akaja kukaa, hakualikwa. Alisema ni shahidi.

Kule alikuwepo dada, Mama Jirani, na mdogo wetu, ambaye amekatiza safari akaleta lori bila kumwambia mtu.

"Tunaanza sebuleni," akasema dada. "Viti vinne."

"Viwili vyako, viwili vya mdogo wetu."

"Wewe?"

"Mimi nikalie wapi? Niko kwenye bomba."

"Saa ya ukutani. Haitembei."

"Tupa."

"Haitupwi hii," akaingilia Wakili. "Saa mbovu inasema kweli mara mbili kwa siku."

"Nani huyo?" akauliza dada.

"Ni mtu wa juu yangu."

"Mwambie ahsante. Nampa Mama Jirani saa."

Tukaenda hivyo. Redio, uza. Ndoo, gawa. Sufuria kubwa, ya dada. Sufuria yenye mpini uliolegea, tupa, hapana, ngoja, ya dada. Godoro, choma. Kitanda, mdogo wetu akibebe. Nilijibu haraka kama mtu anayepokea matofali: unashika, unampa mwenzako, hutazami. Nilisikia vitu vikiburutwa. Nilisikia sauti ya chumba ikibadilika. Chumba chenye vitu kinameza maneno. Kila walipotoa kitu, maneno ya dada yalianza kugonga kuta, mpaka nikawa sijui mwangwi ni wa bomba langu au wa kule.

"Mdogo wako yuko wapi?" nikauliza, maana nilikuwa simsikii.

"Amepakia kitanda, kisha amejifungia kwenye lori. Anasema anatafuta kamba."

"Tangu saa ngapi?"

"Muache atafute."

Wakafika kwenye nguo. Dada alizileta zote kutoka kwenye kamba, bado mbichi. Akazitaja moja moja, rangi na mahali zilipochakaa. Sikujua kwamba ninazijua. Alisema la kahawia, nikaona kiwiko. Alisema sweta, nikaona kifungo kisichofanana na vingine. Nilimwambia nyingi azichukue yeye, nyingine apeleke kule wanakopokea nguo.

"La kijani lenye maua," akasema. "Mama Jirani analiomba."

"Mpe."

"Sitaki kulitoa hili."

"Ndiye aliyekuwa anakugeuzia nguo. Mpe, dada."

Nilisikia Mama Jirani akisema, "Wifi, kama ni taabu liache, mimi nilisema tu." Wao huitana wifi kwa utani, hawana undugu. Halafu dada akasema, "Chukua. Lakini ulivae. Usiende kulikunja."

Mwisho akanipitisha kwenye vyumba akiwa na simu mkononi. Sebule, hakuna kitu. Chumba cha mbele, hakuna kitu. Chumba cha nyuma, hakuna kitu. Stoo, bati linavuja, hakuna kitu. Alikuwa anahema. Magoti yake yanalia anapopanda ngazi ya uani, nimeyasikia leo. Hakuwahi kuniambia habari ya magoti.

"Basi," akasema.

"Basi," nikasema.

Hakuna aliyekata. Tulikaa hivyo, mvua kwake na mvua kwangu. Wakili aliinuka, akaondoka bila kupinga chochote.

20 Aprili

Kazi siku nzima. Nililala mapema.

23 Aprili

Kesho mkaguzi. Umeme umekatwa. Dada ameomba ruhusa hotelini ili awepo. Sikuandikisha jina kwa mtaro wa ng'ambo. Bado Kidogo ameniuliza mara mbili. Nimemwambia bado kidogo, akacheka mpaka mwavuli ukamtoka.

24 Aprili

Haya ni maneno ya dada kama alivyonisimulia.

Mkaguzi ni kijana mwembamba, suruali imeingizwa kwenye soksi kwa ajili ya matope. Ameingia, amepita vyumba vyote, amefungua makabati ya ukutani, amebonyeza swichi. Akaandika. Akatoka uani, akaitazama kamba tupu. Akaridhika. Alikuwa anafunga kalamu Mama Jirani alipochungulia juu ya ukuta kusalimia, amevaa gauni la kijani lenye maua.

Mkaguzi akasimama.

"Hilo gauni nalijua."

"Eh?" akasema Mama Jirani.

"Lilikuwa kwenye kamba hii. Ni wewe uliyekuwa unaishi humu. Umeruka ukuta kwa sababu ya ukaguzi!"

"Niruke ukuta? Kwa umri huu? Mwanangu, nitazame vizuri."

"Nimeshakuona. Nilikuandika. Mwanamke mmoja, mtu mzima."

Dada anasema aliona faini tu. Mwezi mzima wa kazi, kwa gauni moja, na aliyesema litolewe ni mimi. Aliyejibu ni Mama Jirani.

"Uliyemwandika ni mwenye gauni," akamwambia. "Mwenye gauni tumemzika Oktoba. Mimi mwenyewe nilimwosha. Wewe umekuja Machi ukamwandika yuko hai, anaishi hapa peke yake, ametoka. Sasa nieleze, alipokuwa ametoka, uliambiwa anarudi saa ngapi?"

Dada akampa cheti cha kifo. Akakisoma, akakisoma tena. Akatazama kamba, akatazama gauni. Dada anasema uso wake ulibadilika, akawa mtoto tu, mtoto wa watu aliyetumwa na ofisi kwenye mvua.

"Poleni," akasema. "Nami wangu nimemzika mwaka huu."

Akafuta neno moja, akaandika jingine, akagonga muhuri juu ya goti lake.

"Ameandika nini?" nikamwuliza dada.

"Tupu."

Nikamwambia vizuri. Nikamwambia ahsante, na ahsante kwa Mama Jirani. Nikarudi mtaroni. Wakili alikuwa ananipokeza ndoo, akaiacha hewani.

"Katibu, umekataliwa msamaha?"

"Tumepewa."

"Sasa unalia nini?"

Nikashika uso. Kweli. Nikamwambia ni mvua. Hiyo pia hakuipinga.

25 Aprili

Jua. Mtaro umekauka.

30 Aprili

Cheti cha kutodaiwa kimetoka. Nesi ameandikiwa nyumba. Mdogo wetu amelipa matairi. Nesi amemwambia dada kwamba ataondoa ile kamba ya uani, atajenga hapo banda la kuku. Dada amemwambia ni wazo zuri.

6 Mei

Tumefukia bomba la mwisho. Bado Kidogo ametoa hotuba na sisi tumepiga makofi, kwani alikuwa ameshika bahasha. Nimelipwa theluthi yangu yote. Wakili amenipa mkono, akasema kitanda cha chini ataniwekea mpaka nijirudi. Nimemwambia asiniwekee.

Dada ameuliza nafika lini. Nikamwambia Jumamosi. Akasema haya, tunakungoja. Nikaanza kufunga begi, ndipo nikagundua sijui anaishi wapi. Miaka yote nikirudi nilishukia kwa mama, na dada nilimkuta hukohuko, jikoni au uani, kana kwamba hana kwake. Sijawahi kumwuliza.

Nikapiga tena. Alicheka, kisha akanielekeza polepole kama mtu anavyomwelekeza mgeni. Nimeandika nisisahau: nishuke kituo cha mbele ya hoteli anayofulia, nisivuke barabara, nifuate ukuta mweupe mpaka kwenye fundi viatu, kichochoro cha pili, mlango wa bati uliopakwa bluu. Nigonge kwa nguvu kwa sababu jirani ana redio.

Basi linaondoka kesho alfajiri. Natarajia kufika Jumamosi mchana.